Jina Chini ya Bawa la Korongo

Mimi si mtu wa kudanganywa kirahisi, na sioni haya kusema hivyo. Walipoizungushia mabati ile chemchemi ya korongo wa mawe pale Kisii mjini na kubandika karatasi ya kusema wanaikarabati, watu wengine walifurahi. Mimi nilijiuliza: kama ni kazi ya haki, mabati ya nini? Mimi nikiosha sufuria zangu huziosha nje, jirani akipita anaona.

Naitwa Bonareri, wa Tabaka, na tangu niolewe kazi yangu ni kusugua mawe ya sabuni. Kwetu wanaume ndio huchimba jiwe na kulichonga. Likishachongwa huletwa kwetu wanawake, tukae na karai la maji na msasa, tusugue hadi alama ya mwisho ya patasi itoke. Sanamu ikiwa na mkwaruzo hata mmoja, aibu si ya mchongaji, ni ya mwanamke aliyeisugua. Aliyenifundisha haya ni Nyanchoka, mke wa Ochoki. Ochoki alikuwa kaka mkubwa wa mume wangu. Nilipoletwa kwenye boma lile mwaka wa themanini na moja nilikuta Nyanchoka tayari ana watoto wawili na mikono iliyopauka kwa maji. Alikuwa wa mkono wa kushoto, na alikuwa mkali. Ukimpelekea jiwe alikuwa hatazami, anafumba macho na kulipapasa kwa kidole gumba, kisha anakurudishia, na wewe unajua urudi kwenye karai.

Chemchemi ile ilichongwa kabla sijafika. Ni korongo wanne wakubwa wamesimama wakipeana migongo, mabawa yamefunguka kidogo, na maji yalikuwa yakitoka midomoni na kumwagika kwenye bakuli la jiwe. Aliyeigharimia ni Mzee Tarsem, Mhindi aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi upande wa pili wa barabara. Aliyechonga ni shemeji yangu Ochoki, akiwa kijana wa miaka ishirini na sita. Alichonga kwa miezi minane nyuma ya duka hilo, na mkewe Nyanchoka, ambaye alikuwa bibi harusi wa juzi tu, ndiye aliyesugua.

Sasa sikiliza jinsi tulivyoelezwa sisi tuliokuja baadaye. Siku ya kufungua chemchemi, mwaka wa sabini na nane, Ochoki aliazima koti, akamchukua baba yake hadi mjini kumwonyesha jina lake. Alikuwa amelichonga kwa siri chini ya bawa la korongo anayetazama soko. Wachongaji wetu hawana desturi ya kuweka majina, jiwe linapita mikono mingi mno, lakini hii alitaka ijulikane ni yake. Aliinama na mzee wake, wakatazama. Hapakuwa na kitu. Jiwe lilikuwa tupu, laini kabisa. Ochoki alivuka barabara na koti lake la kuazima, akaingia dukani, akamwita Tarsem mwizi wa jina lake mbele ya wateja na mbele ya watoto wake. Tarsem aliapa kwamba hajagusa. Ochoki akamwambia kwamba ameapa kwa miungu ambayo yeye Ochoki haiogopi, na akatoka.

Hapo ndipo maisha ya watu wawili yalipopinda. Tarsem ndiye aliyekuwa akimpelekea Ochoki wageni na kazi kubwa kubwa. Kazi hizo zikaisha. Ochoki aliweka patasi zake kwenye gunia, akaenda Nyansiongo kukamua ng'ombe wa watu, na huko akakaa miaka kumi na sita. Nyanchoka alibaki Tabaka akisugua vibakuli vya wachongaji wengine ili watoto wasome. Ochoki alirudi na mgongo mbovu, akaketi kwenye kiti chake, na hakushika jiwe tena mpaka tulipomzika mwaka wa elfu mbili na tisa. Ukimtajia korongo alikuwa anatema mate.

Nasi wa boma lile tuliweka mwiko wa kuingia duka la Tarsem. Tulipojenga nyumba ya matofali, tulipita Kisii mjini, tukapita mbele ya mlango huohuo uliojaa misumari, tukaenda hadi Kebirigo kununua misumari. Mvua ilitunyeshea tukirudi. Nilikuwa nimebeba kilo tano kwenye kiondo na nilijiona shujaa.

Basi unaelewa kwa nini mabati yale yaliniwasha. Chemchemi ilikuwa imekufa miaka mingi. Pampu iliharibika, watu wakageuza bakuli kuwa pipa la mabunzi, na shingo za korongo zikabandikwa matangazo ya mikutano ya Injili. Ghafla ndio wanakumbuka? Na nani anaonekana akivuka barabara na chupa ya chai kuwapelekea mafundi? Bharti, binti yake Tarsem, ambaye sasa ni mwanamke anayekaribia sitini na ndiye mwenye duka. Nikasema aha. Wanataka kuwabeba korongo wetu wakawauze ng'ambo, watusimamishie wa saruji.

Nikawa naenda kila siku ya soko. Nilipata tundu la msumari kwenye bati, nikaweka jicho. Mkubwa wa mafundi aliitwa Sylvanus, kijana mpole kutoka Nairobi, anavaa glavu na kuosha mawe kwa mswaki. Upole wake ndio ulionitia shaka zaidi. Kisha nikasikia kwamba wanafanya kazi hata Sabato, wakati sisi wote tuko kanisani. Wanachagua siku ambayo Waadventista hawapo! Alhamisi moja nikawaona wamemviringisha korongo mmoja kwa blanketi na kumpakia kwenye pikapu. Nilikimbia mbele ya gari nikasimama na kiondo changu, nikapiga yowe hadi soko likaja. Sylvanus alishuka, akaniamkia, akanifunulia blanketi. Shingo ya korongo ilikuwa na ufa. Walikuwa wanampeleka karakana ya nyuma ya soko kuunganishwa. Aliniambia kama ninapenda, nipande nikae naye. Nilipanda. Nilikaa na yule korongo kutoka asubuhi hadi saa kumi, na kwa kweli walimuunganisha vizuri, ingawa sikuwaambia.

Tangu siku hiyo Sylvanus akaniita Mama Purity, kama wanavyoniita nyumbani kwa jina la binti yangu. Ndiye aliyenieleza kwamba kazi ikiisha watasimamisha bamba la shaba lenye jina la mchongaji. Lakini kulikuwa na shida. Familia tatu za Tabaka zilikuwa zimekuja, kila moja ikisema mzee wao ndiye aliyechonga. Karatasi za Tarsem ziliungua dukani zamani. Nikamwambia habari ya jina chini ya bawa, na kwamba Mhindi alilifuta. Akasema ameshamulika kwa tochi chini ya mabawa yote manane na yote yamesuguliwa sawasawa. Bila ushahidi, alisema, kamati ya ukarabati imeamua bamba liandikwe tu "Wachongaji wa Tabaka". Kikao cha mwisho kingekuwa Jumanne ya wiki ijayo, palepale kwenye chemchemi, na mwenye neno aje alitoe.

Nilishikwa na hasira. Mtu amefutwa jina mara moja na Tarsem, sasa afutwe mara ya pili na kamati! Nilirudi Tabaka mbio kumwambia Nyanchoka. Nilimkuta nyuma ya nyumba akichambua chinsaga. Nilidhani ataruka. Hakuruka. Aliendelea kuchambua mboga, akasema kwamba hao wachongaji wa Tabaka ni watu wazuri, waache waandike hivyo.

Nilidhani sijasikia vizuri, nikarudia. Akasema Ochoki amelala, asiamshwe, na Jumanne yeye haendi popote, magoti yanamuuma.

Magoti gani? Jana yake alikuwa ameteremka kisimani na kupanda. Nakuambia ukweli, nililala vibaya wiki ile nzima. Nyanchoka niliyemjua angetembea kwa magoti hayohayo hadi Kisii kumtetea mumewe. Nikaanza kuhesabu mambo. Mwezi uliotangulia Bharti alionekana Tabaka, alikuja kuagiza vibakuli. Je, walionana? Je, amenunuliwa? Nilimchunguza kama ana leso mpya. Nilichungulia hadi jikoni kwake kuona kama kuna sufuria nisiyoijua. Ni aibu, lakini ndivyo nilivyofanya, kwa mtu aliyenishika mkono nikijifungua watoto watatu.

Sikupata kitu, na hilo likanikasirisha zaidi. Jumatatu nikaenda mjini peke yangu, nikamwambia Sylvanus nataka kumshika korongo wa upande wa soko, si kumtazama, kumshika. Alishangaa lakini alinipa ngazi fupi na ndoo ya maji. Nililowesha bawa kwa ndani, nikafumba macho, nikapitisha kidole gumba.

Mara ya kwanza hakuna. Mara ya pili, pale karibu na mwili, kidole kikashuka. Kidogo tu, kama kwenye kijiko kilichotandazwa. Macho hayawezi kuona bonde la namna hiyo, na tochi haiwezi, lakini mimi nimepapasa mawe miaka arobaini na mitatu. Mtu alikuwa ametoa kitu mahali pale. Moyo ukaruka kwa furaha. Nilitaka kupiga kelele kwamba nimempata Tarsem.

Kisha kidole kikaendelea, chenyewe tu, kwa mazoea. Hapakuwa na alama ya patasi wala ya tupa. Mtu mwenye hasira au haraka angekwangua, na mkwaruzo ungebaki. Huyu alikuwa amekaa na maji. Alianza na msasa mkali, akaja wa kati, akamaliza na ule laini, akapanua kingo zake taratibu ili bonde lipotee ndani ya bawa. Hiyo ni kazi ya siku nzima, na Tarsem hakujua kazi hiyo, wala mwanamume yeyote. Na bonde lile lilikuwa na kina zaidi upande wa kulia, jinsi inavyokuwa mkono wa kushoto ukisukuma.

Sylvanus aliniuliza kama nimeona kitu. Nikamwambia hakuna. Nilishuka kwenye ngazi, nikakaa kwenye ukingo wa bakuli, na ng'ambo ya barabara nilimwona Bharti amesimama mlangoni kwake akinitazama. Kwa mara ya kwanza nilishindwa kumtazama mimi.

Nilimkuta Nyanchoka kwenye karai lake, mikono ndani ya maji. Sikumsalimu. Nilimwambia nimeshika bawa. Mikono yake ikasimama, na nikajua.

"Ulikuwa ukijua miaka yote hii," nikamwambia.

"Sikujua kusoma," akasema.

Alinieleza bila kunitazama. Alikuwa na miaka kumi na minane. Wiki moja kabla ya kufungua chemchemi, mumewe alikuwa ameitwa machimboni, naye alikuwa akipitia korongo mara ya mwisho peke yake. Chini ya bawa akakuta mikwaruzo, imeingia sana, akadhani patasi imeteleza. Alimwonea mumewe huruma. Alisema moyoni kwamba Mhindi akiona kasoro hii atampunguzia heshima mumewe. Akakaa chini ya bawa lile kuanzia asubuhi hadi jua linatua, akisugua, na kila alipochoka alikumbuka kwamba yeye ni bibi harusi na watu wanatazama kazi yake. Alipomaliza alijivuna. Hakumwambia Ochoki kwa sababu mchongaji hatajiwi kosa lake, unalisugua na kunyamaza. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mama mkwe, na hivyo ndivyo alivyonifundisha mimi.

"Siku ile alipoinama na baba yake," akasema, "nilikuwa nimesimama nyuma yao. Alipotaja jina, ndipo nilijua nilichokifanya. Nilifungua mdomo. Lakini alikuwa ameshavuka barabara."

Na baada ya hapo kila siku ilikuwa ngumu kuliko ya jana. Ochoki alipokuwa na hasira, Nyanchoka aliogopa kurudishwa kwao. Ochoki alipokuwa Nyansiongo, alisema atamwambia akija likizo. Mumewe alipougua, alisema asimwongezee maumivu. Mwisho Ochoki akafa, akiamini Mhindi ndiye aliyemfuta. Nyanchoka alilia akisema hayo, nami nililia, lakini nilikuwa na hasira naye pia, sitaficha. Nilikumbuka ile mvua na kilo tano za misumari. Nilikumbuka mara ngapi nimetema mate nikipita mlango wa Bharti.

Nilimwambia kesho ni Jumanne. Akaniuliza kama ninaweza kwenda niseme tu kwamba nimepapasa na pana alama, bila kusema ni mkono wa nani. Nilimjibu kwamba nikisema hivyo, wote watasema Tarsem, na mimi nitakuwa nimemsingizia marehemu nikijua. Akitaka jina la mumewe lirudi, ni lazima yeye mwenyewe alirudishe, na litarudi na aibu yake. Akitaka kulinda uso wake, basi liandikwe la wachongaji wote, nami nitafunga mdomo wangu hadi kaburini. Nilimwachia hapo. Sikujua atachagua nini, na nadhani hata yeye hakujua.

Jumanne mabati yalikuwa yametolewa. Korongo walikuwa wamesimama wamelowa, wa rangi ya waridi, wazuri hadi watu wakanong'ona. Familia zile tatu zilisema yao, na hakuna aliyetaja bawa. Bharti alikuwa ameketi mwishoni mwa benchi, peke yake kama kawaida. Sylvanus alipouliza kama kuna mwingine, nilitazama chini. Kisha nikasikia fimbo. Nyanchoka alikuwa amekuja na magoti yake, amevaa nguo ya kanisani siku ya Jumanne.

Alisema yote. Alizungumza Kiswahili, pole pole, ingawa si lugha anayoipenda, ili Bharti asikie bila kutafsiriwa. Alisema Mzee Tarsem hakugusa jiwe lile, ni yeye aliyelifuta. Alisema alama zilikuwa sita, na ya sita iliingia ndani ya mkunjo wa unyoya, hakuweza kuifikia vizuri hata kwa kijiti kilichozungushiwa msasa. Sylvanus alipanda ngazi na tochi na kioo kidogo kama cha daktari wa meno. Alikaa huko muda mrefu. Aliposhuka alisema ipo, nusu ya mstari mmoja uliosimama, ndani kabisa ya mkunjo, kwenye unyoya ule alioutaja mama huyu. Mwenyekiti wa kamati akahesabu herufi za Ochoki, sita, ya mwisho ni mstari uliosimama, akaliandika jina hilo.

Watu walianza kuguna. Nilisikia mwanamke akisema ati huyo ndiye aliyemuua mumewe. Nyanchoka alilisikia pia. Alimgeukia Bharti, akamwomba msamaha kwa ajili ya baba yake.

Bharti aliinuka. Nilijiandaa kwa matusi, na tulistahili.

"Baba hakukubali kamwe maneno yenu kwamba ni yeye," akasema. "Alijua hakufanya. Kwa hiyo alitafuta nani mwingine alikuwa akicheza pale nyuma ya duka. Alisema ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilimwambia si mimi, akanipiga. Alinipiga siku tatu niungame, na siku ya nne nikaungama."

Mimi niliyetazama kwenye matundu ya bati, niliyechungulia hadi sufuria za watu, sikuwa nimewahi kujiuliza hata mara moja ni nini kilitokea ndani ya duka lile baada ya Ochoki kutoka. Niliona haya hadi masikio yakawaka.

Bharti alisema baba yake alikufa akiwa amemsamehe, na kwamba kusamehewa kosa asilolifanya ndiko kulikomuuma yeye zaidi.

Nyanchoka aliiweka fimbo yake kwenye benchi, akamsogelea.

"Alikupiga wapi, mama?"

Nilidhani Bharti angegeuka aende dukani kwake. Alisimama tu. Kisha akanyoosha mikono yake miwili, mikono ya mwanamke mzima mwenye mvi, akaifungua viganja vikatazama juu. Nyanchoka akavishika viganja hivyo kwa mikono yake iliyopauka, na hakuviachilia hata watu walipoanza kuondoka.